Kabla Hamjaja Kuhesabiwa: Barua kwa Wanetu Mlioko Mjini

Marangu, mwezi wa Agosti

Wapendwa wanetu, wakwe zetu na wajukuu mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Nairobi na huko ng'ambo,

Shimbonyi. Huku mlimani tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mahindi ya mashamba ya chini yamekwisha kuvunwa, baridi ya Julai imeanza kulegea, na kahawa kidogo iliyobaki vihambani, kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu, imeanza kuiva. Nawaandikia sasa kwa makusudi, wakati hakuna hata mmoja wenu anayewaza Krismasi. Wapo watakaosema, "Mama naye, Krismasi mwezi wa nane!" Semeni, halafu endeleeni kusoma.

Siwaandikii wanangu wa kuzaa peke yao. Naandika kwa niaba ya kinamama na kinababa wa rika langu, sisi tunaobaki na funguo za nyumba za ukoo tangu Januari hadi Novemba, kuanzia Siha mpaka Rombo. Tukikutana kanisani au sokoni Mwika huwa tunaongea, na tunayoyaongea hamyasikii, kwa sababu mkifika Desemba tunawachekea. Mgeni hakaripiwi mlangoni, nanyi siku hizi mmekuwa wageni.

Kila mwisho wa mwaka, mnaporudi nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi, nchi nzima inatutania kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Dar inabaki nyeupe, Moshi mjini panakuwa na foleni kama Ubungo. Utani huo nimeuzoea na wala siukatai. Ila naona unaanzia stendi na kuishia kwenye picha ya mbuzi akiwa juu ya moto. Haumtaji anayechota maji ya kunywa hao wote waliokuja kuhesabiwa, wala anayefua mashuka yao tarehe 4 Januari wakiwa wameshapita Korogwe.

Wanetu, ninyi mnajiandaa kuja, lakini hamuiandai nyumba mnayoijia. Mnaandaa tiketi, nguo za watoto, gari linafanyiwa sevisi, mnachanga pesa za nyama. Kisha tarehe 22 nyumba ya wazee wawili, mmoja magoti hayamwachi na mwingine ana presha, inageuka gesti ya watu ishirini na tano isiyo na mfanyakazi hata mmoja. Mama yenu atafurahi, atahangaika, ataimba, na mkishaondoka ataugua wiki mbili bila kuwaambia. Hilo ndilo tunaloliongea pale Mwika.

Nianze na jambo lisilopendeza kuandikwa, yaani choo. Nyumba nyingi za wazee huku bado zina choo cha shimo nyuma ya migomba, cha kuchuchumaa. Mzee wa miaka themanini anachuchumaaje? Anashika ukuta, na ukuta wenyewe ni wa mabanzi. Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zikianza, kale kanjia kanateleza, na usiku ndiyo msiseme. Choo cha kukaa kilicho karibu na nyumba, chenye chuma cha kushikia na taa, si jambo la mabilioni. Ni jambo la ndugu wanne kukubaliana mwezi huu. Fundi mwezi wa nane na wa tisa anapatikana na anasikiliza bei. Ukimtafuta Desemba yuko kwa jirani anapaka rangi, au yuko makaburini.

Hapo makaburini nina neno. Ni vizuri kuwajengea waliotutangulia, nami sitaki kulala chini ya magugu. Lakini nimeona kihamba ambacho kaburi la babu lina marumaru za kung'aa, na bibi aliye hai anatoka na tochi usiku kwenda kushika ukuta wa mabanzi. Wanaopita barabarani wanasifu kaburi. Hilo linataka kufikiriwa na watu wenye akili zao, na elimu mnazo.

Baada ya choo ni maji. Bomba linatoka leo, kesho halitoki, na wiki ya Krismasi kila nyumba kuanzia barabara ya lami hadi kwenye geti la mlima imefungua koki. Mifongo, ile mifereji ya maji ya wazee wetu, mingi imekufa, na iliyobaki ina zamu zake. Wekeni tangi, hata la lita 1,000, liwekwe kwenye msingi imara na mfereji wa bati uingie humo. Likiwekwa kabla ya vuli litajazwa na mvua yenyewe. Likiwekwa tarehe 20 Desemba litabaki tupu watoto wakilipigia ngoma.

Kuni nazo zina majira yake. Mnajua tunatumia matawi ya migrivea na mikahawa iliyozeeka. Yakikatwa sasa na kupangwa chini ya bati, Desemba yanawaka kwa kiberiti kimoja. Yakikatwa vuli imeshaanza ni moshi mtupu, na moshi huo wanaoumeza ni wanawake walioko jikoni. Leteni mtungi wa gesi wa pili kama mna uwezo, mtungi mkubwa, lakini msije mkadhani gesi itapika ndizi za watu ishirini na tano. Sufuria ile mnaijua ukubwa wake.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa zenu zinapopotea.

Maharage na mahindi yako kwa wingi sasa. Debe la maharage mkulima wa tambarare analiuza akiwa na shida ya pesa, kwa sababu mavuno yameingia kwa wote kwa wakati mmoja. Ngojeni Desemba muone mtakavyolinunua kutoka kwa mtu wa tatu. Mchele vilevile. Wa Chekereni na Mabogini, ule wa mifereji ya Moshi chini, una msimu wake wa kushuka bei, na wa Mbeya pia. Nasema hivi: familia tano zikichanga kila moja sehemu yake mwezi huu, gunia moja la mchele, moja la maharage na la mahindi ya makande vinaingia ghalani kabla ya Oktoba, na hakuna atakayeona maumivu. Mnatuma kwa simu, na sisi wenye muda tunachagua, tunapeta, tunahifadhi.

Kuhifadhi mtuachie, ila mifuko mtuletee. Dumuzi, mdudu mla nafaka, hajafa. Yule tuliyempa jina la Scania miaka ile, kwa jinsi alivyolibeba ghala zima, bado anafika kila msimu. Ile mifuko ya kufunga bila kupitisha hewa inamkomesha bila dawa, mradi nafaka ikauke vizuri kwanza na mfuko usitobolewe na panya. Nunueni ya kutosha. Ni zawadi nzuri kwa mzee kuliko saa ya ukutani.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ndiyo msiyoijua kabisa, ingawa mnaipiga picha. Mnadhani inachotwa tu kwenye pipa. Ulezi wa kimea unalowekwa, unafunikwa uote, unaanikwa ukauke, ndipo unasagwa. Kuanika kunataka jua, na jua la uhakika liko Septemba na Oktoba. Kimea kilichoanikwa kwenye manyunyu ya Novemba kinapata ukungu na pombe yake inaumiza kichwa. Halafu ndizi zikatwe, ziivishwe, zichemshwe, zikae. Mtu anayetaka mbege ya tarehe 25 anatakiwa awe na kimea ndani mwezi wa kumi, na ndizi zianze kuivishwa wiki mbili kabla. Ulezi wenyewe unatoka mbali, huku hatulimi wa kutosha tena, hivyo nao unapanda bei kadiri sikukuu inavyokaribia. Wenye makanisa yanayokataza pombe mtanisamehe. Togwa pia inataka kimea.

Mifugo fanyeni hesabu ya vidole tu. Nguruwe wa miezi mitatu akinunuliwa sasa, Desemba ana miezi saba na amenona kwa maganda ya ndizi na pumba za hapa hapa. Mnunue kwa mtu mnayemjua, maana homa ya nguruwe ikiingia haibakizi banda. Kuku chotara vifaranga waingie bandani Septemba. Wa kisasa wa nyama wanataka wiki tano au sita, kwa hiyo katikati ya Novemba inatosha. Mbuzi mnunueni Oktoba, mumlipe kijana wa jirani amkatie majani. Kwenye mnada wa Weruweru wiki ya mwisho kabla ya Krismasi muuzaji akiona gari lenye watu waliovaa miwani ya jua bei inapanda kabla hamjashuka. Na mkimchinjia nyumbani, mwiteni afisa mifugo aione nyama. Baba zenu wanajua kidari kinakwenda kwa nani na mguu unakwenda kwa nani. Waulizeni mapema, wakati wana utulivu, msisubiri kisu kiwe mkononi.

Soda na bia. Hapa nitasema polepole. Kila mwaka kuna vijana wanaokwenda duka la jirani, wanachukua kreti, wanasema, "Andika kwa mzee." Mzee anaandikwa. Wao wanaondoka tarehe 2. Mwenye duka anamheshimu mzee, haji kudai, ila mzee akipita pale anabadilisha njia. Ni aibu kwa mtu aliyesomesha watoto kwa kahawa kuona haya kupita dukani kwa sababu ya Fanta. Anayetaka kunywa anunue kreti yake, na chupa tupu azirudishe mwenyewe.

Nimeitaja kahawa. Wengi wenu hamkuyaona yale, lakini ndiyo yaliyonifundisha ninayowaandikia. KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933, na sisi tuliolelewa na kahawa tulikuta utaratibu wa kulipwa kwa awamu: unapopeleka unapewa malipo ya kwanza, kisha inakuja ya pili, na mwaka mwingine ya mwisho. Hapakuwa na siku ya kupata pesa zote pamoja, kwa hiyo mama zetu walijifunza kuiandaa Krismasi kwa vipande. Malipo haya ni ya kitambaa. Yale ni ya chumvi, mafuta ya taa na kiberiti. Yanayofuata ni karo, na hayaguswi hata kama mjomba amefika kutoka Tanga. Ninyi mna mshahara wa kila mwezi, mna simu yenye benki ndani, na bado mnaingia Desemba mkitegemea kikoba kivunjwe.

Kikoba kikivunjwa, au mchezo ukikufikia, pesa ya kwanza kutoka iwe ya Januari. Nasema tena, ya Januari. Chukueni mfano wa shule ya bweni inayodai shilingi 1,200,000 muhula unapofunguliwa. Ukianza mwezi huu wa nane, ni 240,000 kwa mwezi, na Desemba umemaliza. Ukianza Desemba ni 1,200,000 kwa mpigo, na hapo hapo kuna nauli, nyama, mchango wa harusi ya binamu na sadaka ya ahadi. Shule za serikali hazina ada tangu 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu 2022, lakini mzazi yeyote anajua kuwa mtoto hapokelewi kwa salamu. Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hutoka Desemba, watu wakiwa ndiyo wanaichangamkia sikukuu, na pamoja nayo karatasi ya mahitaji: sare, godoro, tranka, rimu, ndoo, jembe, fagio. Aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu ataenda tu mahali. Nunueni tranka na godoro kabla jina halijatoka.

Na mikopo ya simu, ile mnayoiita kausha damu, isiingie kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Bwana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha watu bila leseni. Programu 69! Wanaopigiwa simu za matusi ukichelewa kulipa ni pamoja na sisi wazee, kwa kuwa namba zetu ziko kwenye simu zenu. Mama wa hapa jirani aliambiwa na mtu asiyemjua kwamba mwanawe ni mwizi. Alikuwa anamenya ndizi. Msitufanyie hivyo.

Hata gari la kukodi la kuja kuegesha mbele ya kanisa, mimi nalijua. Sote tunayajua. Likitoka la kwako na likitoka la kukodi wazee wa huku tunatofautisha kwa jinsi unavyofunga mlango.

Kuna na mwingine ambaye nataka barua hii imfikie kwanza kuliko wote. Ni yule aliyefukuzwa kazi, au biashara yake Kariakoo imefungwa, na ameshaamua moyoni kwamba mwaka huu haji kwa sababu hana cha kushika. Mwanangu, njoo. Mwambie ndugu yako mmoja ukweli sasa hivi, Agosti, ili nauli ya familia yako ipangwe kimya kimya na kazi yako hapa nyumbani ijulikane. Unaweza kuja wiki moja kabla ukasimamia fundi, ukapasua kuni, ukafunga taa. Tutakula kwa sababu ulikuwepo. Ninyi wenye nacho, mpigieni simu yule ambaye mwaka jana hakuja na akasema ana kazi nyingi. Kazi nyingi Desemba ni za polisi, madereva na manesi. Huyo wenu ni fundi simu.

Safari yenyewe sitaiongelea sana, mnaijua kuliko mimi. Kilomita zaidi ya 500 kutoka Mbezi Stendi ya Magufuli hadi Moshi hazitaki kukurupuka. Kateni tiketi mapema, msinunue mkononi mwa mpiga debe, na nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, muijue kabla hamjafika getini. Treni ya kaskazini iliporudi Desemba 2019, baada ya kulala miaka zaidi ya 20, wengi tuliifurahia. Ulizeni ratiba yake mapema, maana behewa nazo zina mwisho wa viti. Wenye magari yenu, msiendeshe baada ya kazi usiku kucha ili mfike asubuhi ya tarehe 24. Mwombeni bosi siku mbili sasa hivi, kabla wenzenu hawajaziomba. Sisi hatulali mpaka mfike Himo.

Nyumba ya Dar nayo ina mambo yake: gesi ifungwe, friji limalizwe, jirani na mjumbe wajue. Lakini jambo kubwa pale ni dada wa kazi. Dada naye ana mama. Ana kwao, Singida au Iringa au Lushoto, na kwao pia ni Krismasi, au kama ni Mwislamu bado wazazi wake wanatamani kumwona watoto wote wakiwa likizo. Kila mwaka naletewa binti wa watu huku, ameamshwa alfajiri kuliko wote na analala wa mwisho, akipikia ukoo ambao si wake. Naona haya kumwangalia. Mkateni tiketi yake mwezi wa kumi, mumpe mshahara wake kamili na kitu cha kuwapelekea wazazi. Kama amechagua mwenyewe kuja huku, basi aje kama mgeni na alipwe kama mfanyakazi.

Hapo mtaniuliza nani atapika. Mtapika ninyi. Wakwe zangu wa kike nawapenda, na wengi wenu mna kazi nzito mjini kuliko waume zenu. Sitaki mfike hapa mkabidhiwe sinia na jiko kana kwamba mmekuja kufanya mtihani wa mkwe. Pangeni zamu kabla ya kuja, nyumba kwa nyumba, siku kwa siku, na zamu hiyo iandikwe kwenye lile kundi lenu la WhatsApp ambalo siku nyingine linajaa mipira. Wanaume wa Kichagga wamezoea kuchinja na kuchoma, hilo hawashindwi. Mwaka huu waongeze kuosha vyombo. Sufuria la mtori halichagui mkono. Na zamu ya kwanza, tangu tarehe 22 hadi 24, apewe mtu mwingine yeyote isipokuwa mama mwenye nyumba.

Kulala kupangwe pia. Hesabuni vichwa kufikia Oktoba, kweli kweli, pamoja na yule mchumba ambaye kaka yenu bado anaona haya kumtaja. Magodoro na mablanketi yaje na basi la mizigo Novemba, maana watoto wa Dar wakifika huku usiku wa kwanza wanatetemeka hata kama nyie mnasema Desemba ni joto. Sitaki kusikia tena mzee amelala kwenye kochi sebuleni ili wageni wapate kitanda chake. Yeye atakubali, tena atasisitiza. Mkatalieni. Kitanda cha mzee kina shimo lake alilolizoea, na mgongo wake unalijua.

Afya yetu nayo iwe ndani ya maandalizi. Anayekwenda kliniki KCMC au Kilema aende kabla ya katikati ya Desemba, dawa za presha na sukari zitoshe hadi mwisho wa Januari, kwa sababu siku za sikukuu maduka ya dawa ya huku mengi yanafunga. Kadi ya bima iangaliwe kama iko hai. Kisha mtusaidie mezani: mnatuwekea kisusio (ile supu ya damu), utumbo, nyama ya mafuta na chumvi siku saba mfululizo, mnasema "kula mzee, leo sikukuu", halafu tarehe 30 mnatukimbiza hospitali usiku. Wekeni mboga. Mnafu upo bure nyuma ya banda.

Kikao cha ukoo kitakuwa baada ya Krismasi, tarehe 26 au 27 kama ilivyo kawaida yetu. Mwenye jambo la mpaka, la mirathi au la kuuza kipande cha kihamba alilete kwa maandishi kwa mwenyekiti wa ukoo kabla ya Novemba, ili wazee wapate muda wa kuuliza na kukagua masale, ile mimea yetu ya mipaka, yako wapi. Jambo la ardhi lisianzishwe jioni ya Krismasi kwenye kata ya mbege. Mmeona wenyewe jinsi ndugu walivyokaa miaka bila kusalimiana kwa neno lililotoka saa mbili usiku. Na mtu akiwa na kosa la kuomba radhi, alete isale lake la kuombea msamaha mapema, hata kabla ya Majilio, asisubiri umati. Kusamehewa mbele ya watu ishirini na tano ni vigumu kwa pande zote mbili.

Wajukuu zangu, ninyi mnaoisoma barua hii kwenye simu za mama zenu: njooni na madaftari ya likizo kama mnataka, lakini njooni pia na viatu vya matope. Nitawafundisha kukata majani ya ng'ombe bila kujikata. Nimetenga mapanga madogo. Wazazi wenu watakataa, tutaongea nao.

Pesa za michango hii zipelekwe kwa mtu mmoja tu, binti yetu mkubwa aliyeko Dodoma, aliyezoea hesabu za ofisini na asiyeona haya kudai. Kila mwisho wa mwezi aandike nani ametoa na kimenunuliwa nini, na risiti zije. Mimi nitapiga picha gunia likiingia ghalani. Asiyeweza pesa aseme anaweza nini.

Jumapili baada ya ibada ya kwanza nitakuwa nimekaa barazani na simu mkononi, imechajiwa. Atakayepiga wa kwanza nitampa achague, choo au tangi. Wa pili atachukua kinachobaki, wa tatu mchele, na kuendelea. Wa mwisho kupiga atakwenda kulipa zile kreti za mwaka jana. Daftari bado liko wazi pale dukani, na jina lililoandikwa si lake.

Mama yenu,
Marangu